Chumvi ya Mezani Kwetu



Jumapili ya tano ya mwaka A wa Liturujia, Mama Kanisa hutusomea sehemu ile ya Injili ya Mathayo ambamo Bwana anawafananisha wanafunzi wake na chumvi. Nasi, kama ilivyo desturi ya wahubiri, tulipanda mimbarini tukaisifu chumvi kwa muda wa dakika ishirini. Tulisema kwamba huhifadhi, huleta ladha, husafisha. Tulimtaja Nabii Elisha aliyetupa chumvi katika chemchemi ya Yeriko maji yakapona. Tulikumbusha hata chumvi iliyowekwa ulimini mwa mbatizwa katika ibada ya zamani, kabla ya marekebisho yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Waamini walitusikiliza kwa nyuso za kuridhika, nasi tukarudi sakristia tumeridhika zaidi yao.

Jumanne jioni tuliitwa kwenda kumpaka mgonjwa Mafuta Matakatifu. Alikuwa mmoja wa makatekista wetu wa zamani, mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa Bara aliyekuja Pemba kijana na kuzeekea hapa. Tulimkuta amelazwa juu ya mkeka, mdomo umepinda upande, mkono wa kuume umelala kama si wake. Alitutambua. Alijaribu kusema, na maneno yakatoka yamevurugika. Majirani Waislamu walikuwa wamejaa uani, kwani katika kisiwa chetu msiba wa mmoja hauna dini, na ndio waliokuwa wa kwanza kuleta gari la kumpeleka hospitali. Lakini gari hilo lilikuja siku ya tatu. Siku mbili za kwanza zilikuwa zimepotea, maana ndugu walidhani ni upepo mbaya, na mtu wa kusoma dua na kufukiza ubani aliitwa kabla ya daktari.

Hatuandiki haya ili kumhukumu yeyote. Tukitaka kuhukumu tutaanza na sisi wenyewe. Katika nyumba ile tumekula mara nyingi. Mama wa nyumba anajua kupika mchuzi wa papa mkavu kiasi kwamba mtu husahau safari iliyomleta. Kila mara tulimsifu, na kila mara alituongezea. Katika miaka yote hiyo tuliuliza habari za watoto, za ada za shule, za jumuiya ndogondogo, wala hatukumuuliza mzee wetu hata mara moja kama amepima presha yake. Tulipomuuliza mkewe jioni ile, alijibu kwa unyonge: “Baba Paroko, vidonge alipewa mwaka juzi. Akavinywa mwezi mmoja, akasema yu mzima, akaviacha.”

Basi wiki hii, wapendwa, tunaomba ruhusa ya kuishusha chumvi kutoka mimbarini na kuirudisha jikoni. Tunalo jambo la kusema juu yake, nalo ni hili: sisi wakazi wa Pemba tunakula chumvi nyingi mno, na mara nyingine hiyo nyingi siyo chumvi inayotufaa. Tunahitaji kula kidogo zaidi, na kile kidogo kiwe kimetiwa madini joto. Mambo haya mawili watu huyaona kama yanapingana. Hayapingani, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na presha. Madaktari huita shinikizo la juu la damu, nasi mitaani twasema presha ya kupanda. Moyo unaposukuma damu, damu husukuma kuta za mishipa; msukumo huo ukizidi kwa miaka, kuta hukakamaa na kuharibika, na siku moja mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Hicho ndicho kiharusi. Figo nazo huharibika, moyo huchoka, macho hufifia. Ubaya wake mkubwa ni ukimya. Mtu huweza kuwa nayo miaka kumi huku analima, anapanda mikarafuu, anaimba kwaya, haumwi hata kichwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, na karibu nusu yao hawakujua. Fikirini juu ya hao wasiojua. Mzee wetu alijua, akasahau. Wenzake wengi hawajapata hata nafasi ya kusahau.

Wako wanaodhani maradhi haya ni ya Wazungu na ya matajiri wa mjini. Katika nchi yetu wenyewe, kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, walipata kwa mwaka wagonjwa 108.6 katika kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa kikubwa kuliko cha nchi nyingi tajiri. Mjini si matajiri tu wanaoishi. Wanaishi wauza mihogo, walinzi, makuli, mama lishe.

Nasi tunaoandika tumo. Wiki ile ile ya mzee wetu, muuguzi mmoja wa parokia alituzungushia mkononi kitambaa cha kipimo, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Akakunja uso. “Baba, 160 kwa 100.” Tulidhani mashine mbovu. Akatupumzisha dakika tano, akapima upya, mashine ikasema vile vile. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, madaktari huhesabu kuwa ni presha ya juu. Chetu kilirudia siku ya pili na ya tatu. Tangu siku zetu za seminari tulikuwa na tabia ya kunyunyiza chumvi juu ya maharage kabla ya kuyaonja. Maharage ya seminari, wenzetu waliopita huko mtatusamehe, yalihitaji msaada huo. Lakini seminari tuliiaga miaka mingi, na mkono uliendelea kunyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kukolea, bila akili kushirikishwa.

Kiasi gani basi kinatosha? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku. Ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa siku nzima, katika vyakula vyote pamoja. Watoto ni chini ya hapo. Ukimweleza mama wa Kipemba kwamba apime chumvi kwa kijiko atakucheka, maana chumvi hupimwa kwa vidole na kwa jicho. Hivyo tunapendekeza kipimo kingine, ambacho tumekijaribu katika nyumba ya mapadre. Ukifungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Familia ya watu wazima sita, kwa gramu 5 kila mmoja, itatumia gramu 30 kwa siku. Pakiti hiyo itafika siku ya kumi na sita na kuanza ya kumi na saba. Na hapo ni kama hawali chumvi mahali pengine popote. Kwa hiyo pakiti ikiisha kwa wiki moja, hakuna haja ya kubishana na daktari. Pakiti yenyewe imeshasema. Yetu iliisha mapema kuliko ilivyostahili, tena sisi si sita.

Na chumvi haikai pakitini tu. Papa mkavu na ng'onda huhifadhiwa kwa chumvi, ndiyo maana haviozi. Mkate wa boflo una chumvi, ingawa ulimi hauisikii. Vidonge vya mchuzi vinavyouzwa madukani ni chumvi iliyovaa nguo za kuku. Achari ina chumvi. Embe mbichi la watoto baada ya shule linachovywa chumvi na pilipili. Chipsi za jioni zimenyunyizwa, kisha mla chipsi anaomba kichupa anyunyize tena. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Wahenga walishasema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa buyu ni mishipa yetu.

Hatusemi papa aachwe. Kumwambia Mpemba aache papa ni kutafuta ugomvi usio na faida, na sisi tungekuwa wa kwanza kuasi. Papa alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, alowekwe tena asubuhi, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Aliyonayo inatosha sufuria nzima. Tena sisi, kuliko watu wote wa Afrika ya Mashariki, hatuna udhuru wa kulilia ladha. Kisiwa hiki kimejaliwa karafuu, mdalasini, pilipili manga, hiliki, ndimu, ukwaju, pilipili mbuzi na tui la nazi. Mataifa yalisafiri bahari kutafuta vitu ambavyo kwetu vinaota nyuma ya nyumba, nasi tukavipita tukaenda dukani kununua kidonge cha mchuzi! Ulimi nao hufundishika. Wiki mbili za kwanza chakula huonekana kama cha wagonjwa. Baada ya mwezi mmoja au miwili, chakula cha zamani ndicho kinachochoma ulimi. Tumelishuhudia sisi wenyewe.

Ushahidi kwamba juhudi hii ya jikoni huokoa uhai upo. Huko China, watafiti waligawa vijiji 600 vyenye watu karibu 21,000, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi au wakiwa na presha. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu nyingine walipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa madini ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya miaka takribani mitano, kiharusi kilikuwa kimepungua kwa asilimia 14 katika vijiji vilivyobadilishiwa chumvi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Chumvi ya namna hiyo haifai kwa mgonjwa wa figo bila ruhusa ya daktari, na kwetu si rahisi kuipata. Lakini somo lake ni kwamba watu wa vijijini wanaojipikia wenyewe, kama sisi, walibadilisha kitu kimoja tu jikoni na wengine wao hawakupooza.

Sasa tuje kwenye upande wa pili, ambao kwa Pemba una historia yake.

Chumvi ya mezani siyo sodiamu peke yake. Duniani kote imefanywa kuwa chombo cha kubebea madini joto, ambayo wataalamu huita ayodini. Mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo cha ajabu: mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku, mama mjamzito 250. Ukikusanya mahitaji ya mtu wa kawaida tangu kuzaliwa hadi uzee, hayajazi kijiko cha chai. Lakini yakikosekana, tezi ya shingoni huvimba ikitafuta isichokipata, na hilo ndilo rovu. Na rovu ni dalili tu inayoonekana. Lisiloonekana ni mimba zinazoharibika, watoto wanaozaliwa wafu, na watoto wanaozaliwa hai lakini ubongo wao haukupata ilichohitaji walipokuwa tumboni. Mtoto wa namna hii huenda shule, hukaa dawati la nyuma, huitwa mzito, huchapwa. Hakuna anayejua kwamba uzito ule ulianzia katika chungu cha mama yake.

Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922. Tanzania Bara ilianza kazi hiyo kwa nguvu katika miaka ya 1990, kwa sababu ya nyanda za juu ambako rovu lilikuwa limeenea. Visiwani watu walijiona salama. Hoja yao ilikuwa nzuri kuisikia: sisi ni watu wa bahari, twala samaki, na bahari ina madini hayo, maradhi ya rovu ni ya watu wa milimani. Hata sisi tulifundishwa hivyo shuleni, na tulijibu hivyo katika mtihani tukapewa alama.

Kisha walikuja watafiti wakawapima watoto wa shule wa Unguja na Pemba, na mwaka 2006 matokeo yao yakachapishwa. Unguja, watoto wenye tezi iliyovimba walikuwa asilimia 21.3. Pemba walikuwa asilimia 32. Walipima mkojo wa watoto pia, na kiwango cha kati cha madini joto kwa Unguja kilikuwa mikrogramu 185.7 kwa lita, wakati Pemba kilikuwa 53.4, nacho kiwango cha chini kinachotakiwa ni 100. Wakaingia majumbani kuangalia chumvi. Unguja, nyumba 63.5 katika kila mia zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Pemba ilikuwa nyumba moja katika kila mia.

Takwimu hizo ni za miaka ishirini nyuma na hatuzileti kama picha ya leo. Tunazileta kwa sababu ya ile hoja ya bahari, ambayo bado tunaisikia barazani. Watoto wa kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi, wanaokula samaki, walikuwa na upungufu wa kitu ambacho kila mtu alidhani wanacho kwa kuzaliwa tu. Samaki wana madini hayo, lakini sahani ya wali au muhogo yenye kipande kidogo cha samaki haimpi mtoto ya kutosha. Na tena muhogo, ukiliwa sana pasipo madini joto ya kutosha, huizuia tezi isiyapate hata hayo machache. Mwani tunaoulima, ambao baadhi ya aina zake zina madini haya kwa wingi, hatuuli. Tunaukausha, tunaufunga magunia, unasafirishwa kwenda viwanda vya nje. Na chumvi yetu ya pwani, inayopatikana kwa kuyakausha maji ya bahari juani, inabakiwa na sodiamu yote na madini joto kidogo mno. Hapo ndipo watu hupotea zaidi: hudhani kwamba chumvi ya mawe, yenye unyevu na rangi ya kijivu, ni ya asili na kwa hiyo ni ya afya. Kwa presha, chumvi ni chumvi. Kwa tezi, ile isiyotiwa madini joto ni kama haipo.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu, maana wapo ndugu zetu wanaoishi kwa mashamba ya chumvi. Ni kazi ngumu, ya jua kali na miguu iliyochanika, na wengi wao wanasomesha watoto kwayo. Hatumwambii mtu asinunue chumvi ya Pemba. Tunasema itiwe madini joto kabla ya kuuzwa, na kwamba jambo hilo lisiachwe juu ya mabega ya mzalishaji mdogo peke yake. Madini yenyewe yananunuliwa, mashine ya kuchanganyia inanunuliwa, na anayefanya hivyo hutoza bei kubwa kidogo kuliko jirani yake asiyefanya. Wenye mamlaka wakimwacha ashindane hivyo, atashindwa, na pamoja naye atashindwa mtoto wa dawati la nyuma. Na sisi wanunuzi tunaotafuta kopo la bei ya chini sokoni tunashiriki.

Kwa mama wa nyumba, mambo ni machache. Soma pakiti, itafute ile iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko na jua la dirishani, kwa sababu madini hayo hupotea kwa unyevu na joto. Itie chakulani karibu na mwisho wa kupika. Mama mmoja wa jumuiya ya Mtakatifu Anna alituuliza swali la busara: “Baba, ukituambia tupunguze chumvi, hayo madini si yatapungua pia?” Yatapungua kidogo, Mama, lakini kipimo cha madini joto hupangwa kwa hesabu ya chumvi ambayo watu wanakula, na kinaweza kuongezwa kiwandani watu wakila chumvi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mambo yote mawili kwa pamoja. Kijiko kimoja chenye madini kinamfaa mtoto kuliko vijiko vitatu visivyonayo.

Turudi kwa wenye presha tayari. Kupunguza chumvi hakuondoi vidonge. Vidonge vya presha si kama dawa ya malaria, ambayo mtu hunywa siku tatu akamaliza. Ni kama mafuta ya taa katika kandili, yakikoma mwanga hukoma. Anayejisikia mzima anajisikia hivyo kwa sababu anavinywa. Anayeona vinamletea kizunguzungu au kero nyingine arudi kwa daktari abadilishiwe, asiviache kimya kimya. Wakati wa Kwaresima wapo wanaofunga hata vidonge, wakidhani ni sadaka. Sio. Na kwa jirani zetu Waislamu katika mwezi wa Ramadhani, tumewasikia wahudumu wa afya wakiwashauri wamwone daktari kabla ya mwezi kuanza, ili saa za dawa zipangwe kati ya futari na daku. Ni shauri jema, nasi tungefanya vizuri kuliiga kabla ya Jumatano ya Majivu.

Uso ukipinda ghafula, mkono ukaishiwa nguvu, maneno yakavurugika, hiyo si saa ya kuuliza nani ameroga. Ni saa ya kutafuta gari, hata kama ni usiku, hata kama ni kukopa. Maombi yafanyike ndani ya gari. Padre aitwe pia, tutakuja huko huko wodini. Sakramenti ya Wagonjwa haidai kwamba mtu abaki juu ya mkeka wa nyumbani. Tunasema hivi kwa sababu tumegundua, kwa masikitiko, kwamba baadhi ya waamini hutungoja sisi kwanza kabla ya kumwondoa mgonjwa.

Mengine mnayajua: kutembea kwa miguu badala ya kupanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi, kupunguza sukari katika chai, kulala kwa wakati, kuacha sigara na kupunguza kileo. Hatutayarefusha leo.

Halmashauri ya Walei imekubali, baada ya mjadala uliokuwa mkali kuliko ule wa paa la kanisa, kwamba pilau ya somo wa parokia mwaka huu itapikwa bila vidonge vya mchuzi na kwa nusu ya chumvi ya mwaka jana, na kichupa cha chumvi hakitawekwa mezani. Anayekitaka ataomba, mbele ya watu. Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, muuguzi wetu atakuwa chini ya mwembe na kipimo chake. Jirani yeyote anakaribishwa, awe Mkristo au Mwislamu. Sisi tutakuwa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu, na kipimo chetu tutakitaja kwa sauti, kiwe cha aibu au cha furaha. Cha wiki iliyopita kilikuwa 148 kwa 92. Bado, lakini kinashuka.

Mzee wetu amerudi nyumbani. Tulimtembelea Alhamisi, akala pamoja nasi kwa mkono wa kushoto, polepole, mwanawe akimsaidia. Mchuzi ulikuwa wa changu mbichi, wa nazi na ukwaju. Alionja, akanyamaza, kisha kwa maneno ambayo sasa yanaeleweka nusu yake, akamlalamikia mkewe kwamba haukukolea. Mama akamkamulia ndimu.